Nani anatangulia gatini? Foleni ya meli Dar es Salaam na mbolea ya msimu wako

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukiingia, maswali ya aina moja huanza kurudi katika vipindi vyetu vya kilimo. Mbolea ya kupandia itafika lini? Kwa nini duka la pembejeo lina UREA lakini halina DAP? Kwa nini tuliambiwa meli imefika, na wiki mbili baadaye ghala la wilaya bado ni tupu?

Majibu yake ni mengi. Kuna bei ya mbolea katika soko la dunia, kuna thamani ya shilingi, kuna ruzuku, kuna barabara na mawakala. Lakini kuna sehemu moja ambayo husemwa kwa nadra, nayo ni foleni ya meli bandarini na namna meli hizo zinavyopangiwa gati. Watu wengi huona hilo ni jambo la wakubwa wa Dar es Salaam na kampuni za nje. Sisi tunaona ni jambo la mkulima wa Mbozi, Namtumbo na Kalambo vilevile.

Katika makala haya tunaeleza foleni hiyo inavyofanya kazi, mabadiliko yaliyofanyika bandarini miaka ya karibuni, na yale ambayo bado hayajajibiwa. Hoja yetu ni hii: hasara kubwa ya mkulima katika foleni ya meli si shilingi zinazoongezeka kwenye mfuko wa mbolea. Ni siku anazopoteza. Na kwa kuwa meli hupangwa na watu, kalenda ya mvua inapaswa kuwa mezani wakati zinapopangwa.

"Meli imefika" maana yake nini

Kauli hii huwachanganya wengi, kwa sababu meli hufika mara tatu.

Mara ya kwanza hufika nangani. Hapo inakuwa imeingia eneo la bandari, imetia nanga baharini nje ya mlango wa Dar es Salaam, na nahodha ametoa taarifa kwamba yuko tayari kushusha. Mara ya pili hufika gatini, yaani inaingia ndani na kufungwa kamba ukingoni, mahali ambapo kreni na malori yanaweza kuifikia. Mara ya tatu ndipo mzigo wenyewe unapofika: umeshuka, umekaguliwa, umelipiwa yanayostahili, umepakiwa kwenye lori au behewa na kutoka getini.

Kiongozi anaposema "meli ya mbolea imefika", huenda anazungumzia mara ya kwanza, na mkulima anayemsikiliza akaelewa mara ya tatu. Kati ya hapo zinaweza kupita siku chache au wiki kadhaa. Ukisikia taarifa kama hiyo, swali la kwanza liwe: iko nangani au iko gatini?

Gati hugawiwaje

Gati ni kama kitanda cha hospitali. Hakipewi mgonjwa yeyote tu, bali yule ambaye kitanda hicho kinamfaa na wahudumu wake wapo. Bandari ya Dar es Salaam ina magati yaliyopewa namba, 1 hadi 11, na pia gati namba 0 lililojengwa miaka ya karibuni kwa ajili ya meli za magari. Magati 8 hadi 11 ni ya makontena. Magati ya namba za chini hupokea mizigo mchanganyiko, ikiwamo mizigo ya kichele, yaani ile inayomwagwa tumboni mwa meli bila kufungwa, kama ngano na mbolea. Meli za mafuta zina sehemu zake, nazo tutazizungumzia mbele.

Siku kadhaa kabla meli haijafika, wakala wake hutuma taarifa bandarini: urefu wa meli, kina inachozama majini, aina na uzito wa mzigo, siku inayotarajiwa kufika. Wapangaji hukaa na taarifa hizo, pamoja na mawakala na waendeshaji wa magati, wakaamua nani aingie wapi na lini. Ratiba hiyo hubadilika kila siku, kwa sababu kuna meli inayochelewa njiani, kuna kreni inayoharibika, na kuna mzigo unaoshuka polepole kuliko ilivyodhaniwa.

Kuna mambo manne wanayoyapima.

La kwanza ni bahari yenyewe. Mlango wa kuingilia bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba. Unapita katikati ya Magogoni na Kigamboni, palepale ambapo kivuko cha abiria hukata maji. Meli kubwa hazipishani humo. Meli iliyosheheni na kuzama sana husubiri maji yajae. Watu wa pwani wanalijua hili bila kufundishwa: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kwa hiyo gati linaweza kuwa wazi asubuhi na meli ikaingia jioni, kwa kusubiri maji tu. Lazima pia rubani wa bandari awepo wa kuiongoza, pamoja na boti za kuivuta na kuisukuma.

La pili ni aina ya mzigo. Meli ya kichele haiwezi kupewa gati lisilo na nafasi ya mashine za kupokelea na kufungashia. Meli ya makontena inahitaji kreni zake.

La tatu ni zamu. Kanuni ya msingi ni kwamba aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuingia. Lakini meli za makontena huwa na safari za ratiba, kama basi: leo bandari hii, kesho kutwa ile. Kwa hizo, bandari nyingi hutenga siku na saa maalumu, ambazo wenyewe huziita "dirisha". Bandari ya Mombasa imewahi kuutumia utaratibu huo. Meli inayofika ndani ya dirisha lake huingia moja kwa moja. Ikichelewa, inapanga foleni kama wengine.

La nne ni kipaumbele. Mamlaka zinaweza kuamua mzigo fulani utangulie kwa maslahi ya nchi. Hapa ndipo mbolea, chakula na mafuta huingia katika mazungumzo, na hapa ndipo tutarudi baadaye.

Kwa nini foleni hukua ghafla

Fikiria mashine ya kusaga ya kijijini. Inaweza kusaga debe ishirini kwa siku. Wateja wakileta debe kumi kwa siku, hakuna anayesubiri sana. Wakileta kumi na tisa, ungedhani bado mambo ni sawa kwa kuwa mashine inamudu. Lakini wateja hawaji kwa mpangilio. Siku moja wanakuja na debe thelathini, siku nyingine na nane. Siku ya nane mashine inakaa bure, na muda ule uliopotea haurudi. Siku ya thelathini foleni inajengeka, na kwa kuwa mashine haina nafasi ya ziada, foleni hiyo haiishi wiki nzima.

Gati hufanya vivyo hivyo. Likiwa na kazi nyingi kiasi cha kukaribia kujaa, kosa dogo huzaa foleni ndefu. Ndiyo maana wapangaji wa bandari hawafurahii kuona gati limejaa saa zote. Wanataka libaki na nafasi ya kupumua. Gati linalojaa kila wakati huonekana lina faida kwa mwenye gati, ilhali meli zilizo nje zinalipa gharama ya kujaa huko.

Hali hiyo si ya kufikirika. Katika ripoti yake ya Mei 2013 kuhusu uchumi wa Tanzania, Benki ya Dunia ilisema katikati ya mwaka 2012 meli zilikuwa zikisubiri wastani wa siku 10 kabla ya kufunga gatini Dar es Salaam, na siku 10 nyingine kushusha mzigo. Ilikadiria kwamba udhaifu wa bandari hiyo uliigharimu Tanzania dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na nchi jirani zinazoitumia dola milioni 830.

Meli moja, malori elfu moja

Sasa tuchukue meli moja ya mbolea kwa mfano. Imebeba tani 30,000. Ukizigawa katika mifuko ya kilo 50 unapata mifuko 600,000. Ukizipakia kwenye malori ya tani 30 unahitaji safari 1,000 za malori.

Hesabu hiyo inaeleza kitu ambacho taarifa nyingi za bandari huacha. Kasi ya kushusha mbolea haitegemei meli na kreni peke yake. Mbolea huchotwa tumboni mwa meli, ikamwagwa kwenye mitambo ya kupokelea, ikafungashwa palepale au ikapelekwa ghalani ikiwa kichele. Yakija malori 100 kwa siku, meli humaliza ndani ya siku 10. Yakija 60, inakaa takriban siku 17. Siku hizo saba za ziada, meli imeshikilia gati na nyingine iko nje inasubiri. Kwa maneno mengine, foleni iliyoko baharini wakati mwingine inaanzia barabarani.

Kuna na mvua. Mbolea ikilowa inaharibika, hivyo mvua ikinyesha Dar es Salaam milango ya meli hufungwa na kazi husimama. Meli ya mbolea inayoingia gatini wakati wa masika, Machi hadi Mei, inaweza kutumia siku nyingi kwa kufungua na kufunga tu. Ile ile ikiingia Agosti hushusha kwa haraka zaidi. Kwa hiyo kuagiza mapema kunampa mkulima muda, na pia kunapunguza foleni ya gati.

Tatizo ni kwamba wote wanaitaka kwa wakati mmoja. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini hutegemea mvua zinazoanza Novemba na Desemba. Zambia na Malawi hupanda majira yaleyale, na sehemu ya mbolea yao hupitia Dar es Salaam. Basi kuanzia Agosti hadi Novemba, meli za mbolea za nchi kadhaa zinagombea magati yaleyale ya kichele, ambayo pia yanapokea ngano, chuma na mizigo mingine ya nchi jirani.

Na hata kati ya meli za mbolea, mpangilio una maana. DAP na nyingine za kupandia huhitajika siku mbegu inapoingia ardhini. UREA na nyingine za kukuzia huhitajika wiki kadhaa baadaye. Meli ya UREA ikitangulia kuingia gatini kwa sababu tu ilitia nanga siku mbili kabla, na ile ya DAP ikabaki nje, bandari imefuata kanuni ya zamu bila kosa. Lakini mkulima ameletewa ya pili kabla ya ya kwanza. Hapo ndipo duka linakuwa na UREA na halina DAP.

Hesabu ya siku kumi

Meli inaposubiri, kuna anayelipa. Aliyekodi meli hupewa muda maalumu wa kupakia na kushusha. Muda ukipita, analipa kwa kila siku ya ziada. Malipo hayo watu wa bandari huyaita demareji. Mwagizaji akiyalipa huyaingiza kwenye bei.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme demareji ni dola 20,000 kwa siku na meli yetu ya tani 30,000 imechelewa siku 10. Hiyo ni dola 200,000. Ukigawa kwa mifuko 600,000, kila mfuko umeongezeka kama senti 33 za dola. Dola ikiwa shilingi 2,500, ni shilingi mia nane na kidogo kwa mfuko.

Shilingi mia nane si bure, hasa kwa anayenunua mifuko kumi. Lakini si hizo zinazomvunja mkulima. Kinachomvunja ni kwamba siku 10 za nangani, ukiongeza za kushusha na za barabarani, zinaweza kuwa ndizo siku za mvua ya kwanza. Mahindi yaliyopandwa bila mbolea hayasubiri. Anayechelewa kupanda ili aisubiri mbolea hupoteza sehemu ya mvua. Anayepanda bila mbolea hupoteza sehemu ya mavuno. Hasara hiyo huhesabiwa kwa magunia, wala haionekani kwenye ankara yoyote ya bandari.

Hii ndiyo sababu tunasema mjadala wa bandari unaohesabu dola za meli tu umeacha nusu ya hesabu. Mwenye meli analipwa anapochelewa. Mwagizaji anarudisha gharama kwenye bei. Mkulima hana wa kumpelekea demareji yake.

Mafuta: ucheleweshaji ulio ndani ya bei

Kwenye mafuta hali iko wazi zaidi. EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Katika kanuni inayotumika kukokotoa bei hizo, gharama ya demareji ni mojawapo ya vipengele. Maana yake, siku ambazo meli ya mafuta imesubiri Dar es Salaam, Tanga au Mtwara humfikia mwenye bodaboda, mwenye mashine ya kusaga na mwenye trekta kupitia bei halali iliyotangazwa na serikali.

Mafuta huagizwa kwa pamoja kupitia Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Meli hushushia kwenye jeti za Kurasini au kwenye boya lililoko baharini upande wa Mjimwema, Kigamboni. Kinachochelewesha mara nyingi si kukosa pa kufunga meli tu. Meli moja hugawa mzigo kwa kampuni nyingi, na kila kampuni ina matangi yake. Tangi likiwa limejaa, meli inasubiri.

Ndiyo maana TPA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, ilianza mwaka 2024 ujenzi wa matangi 15 ya kupokelea mafuta huko Kigamboni, yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000 kwa jumla. Lengo ni meli ishushe yote mahali pamoja, iondoke, na mgawanyo ufanyike nchi kavu. Kipimo cha mradi huo kwa msikilizaji wetu ni rahisi: je, kipengele cha demareji kwenye bei ya EWURA kitapungua? Kama matangi yatafanya kazi na kipengele hicho kikabaki palepale, tutakuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

Yaliyobadilika

Itakuwa si haki kusema hakuna kilichofanyika. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345 kwa mradi wa kuboresha bandari ya Dar es Salaam. Magati 1 hadi 7 yaliimarishwa na kuongezwa kina hadi mita 14.5, na gati namba 0 likajengwa. Gati lenye kina kirefu hupokea meli kubwa zaidi, na meli kubwa iliyojaa hupunguza gharama ya usafiri kwa kila tani.

Kisha likaja suala la uendeshaji. Mkataba wa kampuni ya TICTS, iliyoendesha magati ya makontena tangu mwaka 2000, ulimalizika mwisho wa 2022. Tarehe 22 Oktoba 2023, baada ya mjadala mkali bungeni, mahakamani na mitaani, TPA na kampuni ya DP World ya Dubai zilisaini mikataba Ikulu ya Chamwino, Dodoma, kwa muda wa miaka 30. DP World ilipewa kuendesha magati 4 hadi 7, na 0 hadi 3 kwa kushirikiana na TPA. Mei 2024 ikatangazwa kwamba magati 8 hadi 11 yataendeshwa kwa miaka 30 na ubia ambao ndani yake zimo kampuni za Adani ya India na AD Ports ya Abu Dhabi.

Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi nani anamiliki na kwa miaka mingapi. Yalikuwa maswali halali. Lakini kwa mtu anayesubiri mbolea kuna swali jingine: nani sasa anapanga foleni, na kwa kigezo gani? TPA imebaki kuwa mwenye bandari na msimamizi wa huduma za majini. Waendeshaji binafsi wana malengo yao ya biashara. Kontena huleta mapato mazuri, na mteja wake, kampuni ya meli yenye ratiba, anaweza kuhamia bandari nyingine asiporidhika. Meli ya mbolea inayokaa gatini wiki mbili, inayotoa vumbi na kusimama kila mvua inaponyesha, si mteja anayependwa na mwendeshaji yeyote. Hatusemi kwamba inaonewa. Tunasema mfumo hauna sababu ya kibiashara ya kuiharakisha, kwa hiyo sababu hiyo lazima itoke kwa serikali.

Kontena nazo zinamhusu mkulima, kwa upande wa kuuza. Kahawa, ufuta na mbaazi huondoka ndani ya kontena. Meli ya ratiba ikikosa dirisha lake inaweza kuipita bandari na kuendelea na safari, na kontena za mauzo ya nje zikabaki uwanjani hadi meli ijayo. Msongamano ukizidi, kampuni za meli huongeza ada, na mnunuzi anayejua atalipa zaidi kusafirisha hupunguza bei anayompa mkulima mnadani.

Tanga na Mtwara

Njia mojawapo ya kupunguza foleni ni kutoelekeza kila kitu Dar es Salaam. Tanga ni mfano mzuri wa thamani ya gati. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika ukingoni. Zilisimama kiasi cha kilomita moja na nusu au zaidi kutoka gati, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kupakuliwa mara ya pili. Sasa kina kimeongezwa hadi mita 13 na meli hufunga gatini. Mzigo unaoshikwa mara moja badala ya mbili huokoa siku na fedha.

Mtwara nayo ilijengewa gati jipya la mita 300, na serikali imesisitiza korosho za kusini zisafirishwe kupitia hapo. Kwa mkulima wa Ruvuma, mbolea iliyoshushwa Mtwara iko karibu zaidi kuliko ile ya Dar es Salaam. Lakini meli haiendi bandari kwa sababu tu ina gati. Inaenda ikiwa kuna mzigo wa kutosha wa kushusha, na ikiwezekana wa kupakia kurudi nao. Hapa uagizaji wa mbolea na msimu wa korosho vinaweza kusaidiana, vikipangwa pamoja.

Kalenda ya mvua mezani

Kuna jibu linalosikika haraka: basi mbolea ipewe kipaumbele, iingie kwanza kila mara. Sisi tunaunga mkono kipaumbele, lakini si cha upofu.

Kwanza, kumtanguliza mmoja ni kumchelewesha mwingine. Mzigo wa Zambia au Kongo ukicheleweshwa mara kwa mara, wenye mzigo watahamia Beira au Mombasa, na mapato ya bandari yatawafuata. Pili, kuiingiza meli ya mbolea ambayo mwagizaji wake hana malori, hana ghala, au hajakamilisha nyaraka, ni kuziba gati. Wengine wote watasubiri, na huenda aliye nyuma yake pia amebeba mbolea.

Kwa hiyo kipaumbele kiwe na masharti. Meli ya mbolea ya kupandia itangulie ikiwa imefika kabla ya tarehe inayojulikana, na mwagizaji wake ameonyesha malori na ghala. Ikiingia na kazi isisonge, irudishwe nangani kumpisha aliye tayari. Kurudisha meli nangani ni jambo la kawaida bandarini. Tofauti ni kulifanya bila kuangalia sura ya mtu. Na tarehe hizo zipangwe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mvua. Kama Songwe inapanda mwishoni mwa Novemba, mbolea inapaswa kuwa kwa wakala mwanzoni mwa Novemba, kutoka bandarini Oktoba, na meli kuwa gatini Septemba. Tukianza kuitafuta gati Novemba, tumeshachelewa hata kama bandari itafanya kazi usiku na mchana.

Hilo linarudisha wajibu nyuma zaidi ya bandari: kwenye zabuni, kwenye malipo ya ruzuku kwa waagizaji, na kwenye usajili wa wakulima unaoonyesha mahitaji. Mwagizaji asiyejua atalipwa lini hawezi kukodi meli mwezi wa sita. Bandari isilaumiwe kwa meli ambayo iliagizwa kwa kuchelewa.

Ya kufuatilia msimu huu

Msikilizaji anaweza kufuatilia mambo haya bila kuondoka kijijini.

Ukisikia meli ya mbolea imefika, uliza iko nangani au gatini, na imebeba ya kupandia au ya kukuzia. Muulize wakala wa pembejeo na afisa ugani mwezi wa tisa, usisubiri wa kumi na moja. Kama una uwezo wa kununua mapema, hata mfuko mmoja wa kupandia, unajitoa kwenye foleni ambayo huiamui wewe.

Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei za mafuta zinapotangazwa, sikiliza kama sababu ni soko la dunia peke yake au na gharama za meli kusubiri.

Na mbunge au diwani wako anapokuja kueleza mafanikio ya bandari, mwulize kwa lugha yako: mwaka jana meli ya DAP ilikaa nangani siku ngapi, na mwaka huu imekaa ngapi? Tumezoea kuambiwa idadi ya makontena na mabilioni ya mapato. Kwa mkulima, bandari iliyoboreka ni ile inayomfikishia mbolea kabla ya mvua, na idadi ya siku hizo inaweza kutangazwa kila msimu kama bei ya mafuta inavyotangazwa kila mwezi.